Bahari kando ya shimo jeusi: chagua shimo dogo

Wengi wanaobuni sayari ya maji inayozunguka shimo jeusi huanza na jitu la katikati ya galaksi, ili saa moja ya huko iwe miaka kwingineko. Fizikia ya anga ndiyo kazi yangu, na nikiombwa ushauri nasema kinyume: chukua dogo, tena lililotulia.

Sagittarius A*, shimo la katikati ya galaksi yetu, lina tungamo la Jua mara milioni 4 hivi. Sayari kama Dunia ikilikaribia chini ya kilomita milioni 170 hivi, itachanwa vipande. Na hata hapo mpakani, saa huchelewa dakika tatu tu kwa kila saa yetu. Mchezo wa muda unadai shimo zito zaidi ya hilo kwa mbali. Halafu majitu haya yakianza kula gesi hutoa eksirei, zinazovunja mvuke wa maji. Haidrojeni ikishatoroka, bahari uliyoijaza kwa taabu inakwenda nayo.

Sasa tazama Gaia BH1, shimo jeusi dogo lililotangazwa mwaka 2022, umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi. Ni kimya, yaani haili gesi. Ina tungamo la karibu Majua 10, na nyota inayofanana na Jua letu huizunguka kwa siku 186. Mwanga basi tunao. Nitaiweka sayari yangu ya kubuni kilomita milioni 15 kutoka kwenye shimo.

Wakazi hawataliona shimo lenyewe, kwa kuwa kipenyo chake hakifiki hata kilomita 60. Wataona kazi yake: nyota ya mbali ikipita nyuma yake sawasawa, mwanga wake utajikunja kuwa pete, upana wake karibu nusu ya Mwezi tunavyouona sisi. Pete hizo zitatokea sehemu ileile ya anga daima, maana sayari itakuwa imeligeuzia shimo uso mmoja. Mwaka wake hautimizi siku 4, na mchana na usiku hugawana muda huohuo.

Tatizo ni kwamba njia ya nyota ile imerefuka sana. Ikiwa karibu, mwanga wake ni mara saba ya ule wa ikiwa mbali. Ndiyo maana naipendelea bahari ya kina kirefu kuliko nchi kavu: maji mengi hutunza joto hadi nyota irudi.

Kujaa na kupwa ndiko kutawatesa wajenzi. Njia ya sayari ikiwa duara kamili, maji hutuna pande mbili, ule unaolielekea shimo na ule wa kinyume chake, na kutulia. Ikikengeuka kwa asilimia moja tu, bahari hupanda na kushuka makumi ya mita kila mzunguko, na miamba ya chini husuguana hadi ipate moto. Nyota jirani, kwa bahati mbaya, haiachi kuivuruga njia hiyo. Kwa hiyo kabla ya hewa, kabla ya samaki, wajenzi watahitaji namna ya kuisahihisha, na kazi hiyo haitakoma. Miji nayo naishauri ielee.