Tomahoki ya Kivita: Ni Shoka la Namna Gani, na Mwenye Fedha Chache Alipime kwa Lipi

Tomahoki ya kivita ni shoka dogo la mkono, jepesi kuliko shoka la kupasulia kuni, lenye makali mafupi upande wa mbele na, mara nyingi, ncha iliyochongoka mahali ambapo shoka la kawaida lina kisogo bapa. Asili yake ni mashoka ya wenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, ambayo vichwa vyake vilikuwa vya mawe kabla ya biashara na Wazungu kuleta vya chuma. Umbo linalouzwa leo limetokana zaidi na vita vya Vietnam, kwa kuwa kati ya 1966 na 1970 Mmarekani Peter LaGana aliyatengeneza na kuwauzia wanajeshi wa nchi yake. Pamoja na jina hilo la vita, kazi yake kubwa mikononi mwa askari na waokoaji ni kuvunja mlango, kutoboa bati, kupasua kioo cha gari na kung'oa mbao.

Mtu wa Kisumu au Kakamega anayevutiwa na kifaa hiki akiwa na fedha chache anapaswa kwanza kutenganisha kinachofanya kazi na kinachopendeza machoni. Rangi nyeusi, matundu yaliyotobolewa kwenye kichwa na ala ya naironi huongeza bei bila kuongeza uwezo wa kukata. Kinachofanya kazi ni chuma, namna kilivyopitishwa motoni, na jinsi kichwa kinavyoshikamana na mpini.

Yapo maumbo matatu. La kwanza ni bamba moja la chuma kuanzia kichwani hadi mwisho wa mpini, ambalo ni imara lakini ni ghali na hutikisa kiganja kila linapopiga. La pili ni kichwa kilichofungwa kwa bolti kwenye mpini wa naironi, kama lile la kampuni ya SOG lenye uzito wa gramu 700 hivi. Hilo ni la bei nafuu, na chuma chake cha 420 hakishiki kutu upesi, ila makali yake huisha haraka kuliko ya chuma cha kaboni. La tatu ni la mpini wa mti, kama Trail Hawk ya kampuni ya Cold Steel, ambayo kichwa chake ni cha chuma cha 1055, yaani chenye kaboni ya takriban asilimia 0.55. Mpini wake huingizwa kwenye tundu kutoka juu, ukiwa mnene upande wa kichwa, sawasawa na mpini wa sururu, kwa hiyo kila pigo hukaza kichwa badala ya kukilegeza na hakuna haja ya kabari. Kwa maoni yangu hilo ndilo chaguo la mwenye mfuko mwembamba, maana mpini ukivunjika hapa kwetu atachonga mwingine siku hiyo hiyo, ilhali mpini wa naironi ukipasuka huna pa kuupeleka.

Mpini huo unaweza kuwa wa mpera au wa mkaratusi uliokauka vizuri, mradi nyuzi za mti zifuate urefu wake na pasiwe na fundo karibu na tundu.

Suala la chuma ndilo linalowaponza wengi. Watu wa magharibi mwa Kenya si wageni wa uhunzi. Wasamia walijulikana kwa majembe yao muda mrefu kabla ya chuma cha dukani. Fundi wa jua kali wa leo, kwa mfano pale soko la Kibuye mjini Kisumu, anaweza kukufulia kichwa kutokana na springi ya lori, ambayo ina kaboni ya kutosha kugumishwa, au kutokana na kipande cha chuma laini, ambacho hata ukikichoma na kukizimisha, yaani kukipoza ghafla, mara ngapi hakitapata makali ya kudumu. Vikishapakwa rangi, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Chuma kizuri huchomwa hadi sumaku isikishike tena, kikazimishwa katika mafuta, kisha kikarudishwa kwenye moto mdogo ili ugumu upungue kidogo na kisiwe chepesi kumegeka. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa fundi akiwa na haraka.

Njia rahisi ya kukagua ni tupa. Ipitishe mara moja kwenye makali: ikikila chuma kwa urahisi kama inavyokula msumari, basi hakikugumishwa, ikiteleza bila kuuma hata kidogo, basi kilizimishwa lakini hakikurudishwa motoni, na kitamegeka kwenye mbao ngumu au kikigonga msumari. Unachotaka ni tupa iume, lakini kwa shida. Baada ya hapo chunguza tundu. Ikiwa ni kipande cha bomba kilichochomelewa nyuma ya ubapa, tazama pembeni mwa mstari wa kuchomelea, kwa sababu chuma chenye kaboni nyingi hupenda kupata nyufa mahali hapo. Springi kuukuu nayo huweza kuja na nyufa zake kutoka barabarani, hivyo ni haki yako kumwomba fundi akuonyeshe kipande kabla hajakipiga nyundo.

Ncha ya nyuma ni ya kutoboa na kubandua, na kwa mtu wa shamba au kambi haina matumizi mengi. Kisogo bapa cha kupigilia vigingi kina faida zaidi na hakimtishii anayeinua shoka juu ya bega lake. Pia ni vigumu kumweleza polisi wa kituo cha ukaguzi barabarani kwamba shoka jeusi lenye ncha nyuma ni la kuni. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayekutwa na silaha hatari katika hali inayoashiria kwamba anajiandaa kutenda kosa la jinai, kwa hiyo lifunike makali, ulifunge pamoja na vifaa vingine vya kazi, na usilibebe kiunoni mjini.