Je, wajua kwa nini jiko la indaksheni huikataa sufuria ya alumini?

Jikoni Tanga, sufuria ya alumini hupika karibu kila kitu, kuanzia wali wa nazi hadi mchuzi wa pweza. Iweke juu ya jiko la indaksheni, yaani jiko la umeme linalopasha chombo kwa usumaku: jiko litalia, kisha litazima. Utaambiwa ni kwa sababu alumini haipitishi umeme vizuri kama chuma. Ni kinyume kabisa. Alumini hupitisha umeme vizuri kuliko chuma, ndiyo maana nyaya nyingi kwenye nguzo za umeme ni za alumini. Ubora huohuo ndio unaoiponza.

Chini ya kioo cha jiko kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duara. Umeme wa nyumbani huja na mizunguko 50 kwa sekunde. Jiko huipandisha ikapita 20,000, na usumaku wa koili ukageuka kwa kasi hiyo. Usumaku unaobadilika huzalisha umeme katika metali iliyo karibu, jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo huzunguka ndani ya kitako cha sufuria, na joto huzaliwa humohumo.

Ila umeme hautoi joto la maana bila kupingwa. Fikiria watu wanaotoka Soko la Mgandini. Kwenye barabara pana hupita bila kugusana. Wabane kichochoroni, kila mtu ana haraka: watasuguana mabega hadi jasho liwatoke. Chuma ndicho kichochoro. Kwa kuwa hunasa sumaku, umeme hubanwa kwenye tabaka jembamba la kitako, lisilofika nusu milimita, na msuguano huo ndio unaopika. Alumini ni barabara pana: umeme unazunguka kwa raha, chakula hakipati moto.

Kwa hiyo nenda dukani na sumaku. Ikinata barabara kwenye kitako bapa, sufuria inafaa. Chuma cha pua kingine hakinati. Chungu cha udongo hakifai kabisa.

Takribani asilimia 85 ya nishati huingia chomboni, ilhali kwenye gesi zaidi ya nusu hupotelea hewani. Kwa joto la Tanga kabla ya masika, mpishi ataishukuru tofauti hiyo, na moshi haupo. Kioo nacho hubaki cha moto kwa kuguswa na sufuria, hivyo watoto wasikiguse.

Tui ndilo linalotaka uangalizi. Majiko mengi ya bei nafuu, ukiyapunguza, huwaka kwa nguvu, yakazima, yakawaka tena. Tumia sufuria ya kitako kinene na ukoroge mfululizo, la sivyo tui litakatika.