Mgonjwa yuko nyumbani na oksijeni, mhudumu yuko mbali: dhana potofu na ukweli

Mgonjwa wa COPD, yaani ugonjwa sugu unaobana njia za hewa mapafuni, anapopewa mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani, katika baadhi ya nchi hupewa pia njia ya kufuatiliwa kutoka mbali. Mashine hutuma saa ilizowashwa na lita inazotoa kwa dakika, na oksimita, kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, hutuma mapigo ya moyo na asilimia ya oksijeni kwenye damu. Japani bima ya afya ilianza kuilipia huduma hii mwaka 2018. Tatizo ni kwamba familia nyingi huitarajia ifanye mambo ambayo haikuundwa kuyafanya.

Dhana ya kwanza ni kwamba kuna mtu anayekesha akimtazama mgonjwa kupitia mtandao. Kwa kawaida takwimu hukusanywa, hutumwa, kisha husomwa mhudumu anapokuwa kazini, kwa hiyo mgonjwa anayeishiwa pumzi usiku wa manane anapaswa kupelekwa hospitali, si kusubiri simu. Utaratibu wa Japani unalieleza jambo hili vizuri, kwa sababu daktari halipwi kwa kupokea namba tu. Hulipwa kwa kuzifuatilia mara kwa mara na kumwelekeza mgonjwa inapobidi, katika miezi iliyo kati ya ziara moja ya kliniki na nyingine, na ziara zenyewe zinabaki palepale. Huko Scotland, utafiti wa wagonjwa 256 wa COPD uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha waliofuatiliwa kutoka mbali na wasiofuatiliwa, pande zote mbili zikipata huduma ileile ya kliniki, na ufuatiliaji haukuchelewesha kulazwa. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayaonyeshi kwamba vifaa havina faida, bali kwamba kuviongeza juu ya huduma iliyo nzuri tayari hakuleti muujiza.

Dhana ya pili: mashine ikiandika saa 16, mgonjwa amevuta oksijeni kwa saa 16. Hesabu hii ina uzito wake, kwani majaribio mawili makubwa ya mwaka 1980 na 1981, yaliyoonyesha kwamba oksijeni ya nyumbani hurefusha maisha ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa oksijeni kwenye damu, ndiyo yaliyozaa agizo la angalau saa 15 kwa siku. Lakini mashine huhesabu muda iliowashwa. Mgonjwa akiuning'iniza mrija kwenye nguzo ya kitanda na kutoka kuota jua barazani, mashine itaendelea kunguruma na kuhesabu. Ndiyo maana baadhi ya mifumo huweka kwenye mrija kihisio cha pumzi, ambacho huhesabu pia mara ngapi mgonjwa anapumua kwa dakika. Kipimo hicho cha pili pengine kina thamani kuliko cha kwanza: nchini Hispania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia oksijeni nyumbani, wengi wa waliozidiwa hadi kulazwa walikuwa wameanza kupumua haraka zaidi siku chache kabla.

Dhana ya tatu, na hii ndiyo inayohitaji kukaliwa zaidi, ni kuamini kwamba namba ya kidoleni haikosei. Oksimita, iliyotokana na kazi ya mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni na kukadiria oksijeni kutokana na mwanga uliofyonzwa. Mkono ukiwa wa baridi, kidole kikitikisika, au ukucha ukiwa na rangi nzito au piko jeusi, makadirio huyumba. Hata rangi ya ngozi huingilia: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia vipimo ambavyo oksimita ilionyesha asilimia 92 hadi 96, ukakuta kwamba oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya mshipa wa ateri yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 katika takriban asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na chini ya asilimia 4 ya vipimo vya weupe. Msomaji wa kwetu hana sababu ya kuiona habari hiyo kuwa ya mbali. Jiko la mkaa nalo huleta udanganyifu wake, kwa kuwa oksimita ya kawaida huihesabu himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyobeba gesi ya kaboni monoksaidi kana kwamba imebeba oksijeni. Kwa hiyo mgonjwa akae atulie dakika chache, apashe mkono joto, asubiri namba itulie ndipo aiandike, na mhudumu atazame mwelekeo wa siku kadhaa badala ya namba moja.

Wapo pia wanaodhani kwamba asilimia 99 ni bora kuliko 90, wakapandisha lita bila kuuliza. Kwa baadhi ya wagonjwa wa COPD lengo ni asilimia 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni ikizidi, kabonidayoksaidi inaweza kujilimbikiza mwilini, na oksimita haiioni kabisa. Dalili zake huonwa na walio nyumbani: kuamka na maumivu ya kichwa, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa.

Mwisho, mtandao hauoni moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huchochea kila kinachowaka, kwa hiyo sigara, kibiriti na jiko vikae mbali nayo. Umeme nao ukikatika, au luku ikiisha, mashine huzimika na takwimu hukoma. Kwa anayezipokea, inaweza kuonekana sawa kabisa na mgonjwa aliyeizima mwenyewe. Hapo familia ndiyo inayohamishia mrija kwenye mtungi wa akiba, kisha inapiga simu.