Pakiti Kuukuu na Kubadilishana Kadi za Michezo

Kadi ya michezo ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji upande wa mbele na maelezo yake upande wa nyuma: timu yake, nafasi anayocheza, tarehe ya kuzaliwa na takwimu za misimu aliyokwisha kucheza. Kipimo chake cha kawaida ni inchi 2.5 kwa 3.5, yaani takribani sentimita 6.4 kwa 8.9, na kampuni ya Topps ya Marekani imekitumia tangu mwaka 1957. Kadi hizi huuzwa zikiwa ndani ya pakiti iliyofungwa, na mnunuzi hajui amenunua wachezaji gani mpaka aipasue. Kutokujua huko ndiko kunakoipa bei pakiti ambayo haijafunguliwa, na ndiko kunakomwachia kila mkusanyaji kadi asizozihitaji, ambazo huenda mwenzake amezitafuta kwa muda mrefu. Kupasua na kubadilishana, kwa hiyo, ni shughuli moja yenye hatua mbili, na anayeielewa ya kwanza bila ya pili atapoteza fedha.

Desturi yenyewe ilianzia kwenye sigara. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za tumbaku za Marekani na Uingereza ziliweka kadi ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, kisha zikagundua kwamba wateja hurudi kununua kwa sababu ya kadi pia. Katika mfululizo uliotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, ambao wakusanyaji huuita T206, kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ilisitishwa mapema, zikabaki chache sana, na moja kati ya hizo iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Baadaye bablishi ilichukua nafasi ya sigara. Mwaka 1952 Topps ilitoa kadi nyingi za besiboli ambazo sehemu yake haikununuliwa, na Sy Berger, mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyesimamia utengenezaji wake, alisimulia kwamba mwaka 1960 makasha yaliyobaki yalipakiwa kwenye tishari yakaenda kumwagwa baharini. Miongoni mwa kadi za toleo hilo kuna namba 311, ya nyota wa besiboli Mickey Mantle, na nakala yake moja iliyotunzwa vizuri mno ilifikia dola milioni 12.6 mnadani Agosti 2022. Ulaya ilipita njia yake: ndugu wa familia ya Panini walianzisha kampuni yao Modena, Italia, mwaka 1961, wakajulikana kwa picha za kubandika kwenye albamu, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970.

Pakiti inayoitwa kuukuu ni ile ya toleo lililokwisha kuchapishwa zamani ambayo bado imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Zile za Marekani za kabla ya miaka ya 1990 nyingi zilifungwa kwa karatasi yenye nta, iliyokunjwa kwa nyuma na kubanwa kwa joto mpaka mikunjo ikashikana. Ukiishika utahisi kwamba si laini kama karatasi wala haitelezi kama plastiki, na kwa nyuma, pale mikunjo inapokutana, nta huonekana kama doa la mafuta. Ndani yake, pamoja na kadi, mara nyingi kuna kipande bapa cha bablishi ambacho kwa sasa kimekuwa kigumu na hupukutika kama chaki. Hakiliwi. Kadi iliyolala juu ya bablishi hiyo kwa miaka mingi huwa na doa la kahawia, na ile iliyogusa mikunjo huwa na alama ya nta, kwa hiyo hata mwenye bahati ya kumpata mchezaji anayetafutwa anaweza kumkuta amechafuka.

Hapa ndipo penye kosa linalowagharimu wageni wengi wa shughuli hii: kudhani kwamba pakiti ya zamani lazima iwe ghali. Hadi mwaka 1980 Topps ilitawala kadi za besiboli karibu peke yake. Mwaka uliofuata kampuni za Fleer na Donruss ziliingia sokoni, Upper Deck ikafuata mwaka 1989, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kadi zilichapwa kwa wingi wa kupindukia. Watu walizinunua kwa makasha na kuzihifadhi wakiamini kwamba zingewasomeshea watoto. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi, hakuna kilichoadimika, na ndiyo maana pakiti nyingi za miaka hiyo, zenye umri wa zaidi ya miaka 30, bado zinauzwa kwa dola chache tu. Kwa mkusanyaji wa Tabora anayeagiza kutoka nje, gharama ya kusafirisha inaweza kupita bei ya pakiti yenyewe. Kwa maoni yangu hizo ndizo pakiti za kupasua kwa furaha, maana aliyezinunua hana alichokiweka rehani.

Mfano wa upande wa pili ni kadi za mpira wa kikapu za Fleer za msimu wa 1986/87. Toleo hilo lilikuwa na kadi 132, na kila pakiti ilikuwa na kadi 12, stika moja na bablishi. Kadi namba 57 ni ya Michael Jordan. Kwa hesabu ya juu juu, mtu akigawa 132 kwa 12, anapata kwamba katika pakiti 11 moja ndiyo yenye Jordan, lakini hesabu hiyo haimwambii Jordan huyo atakuwa katika hali gani: huenda picha yake imechapwa ikiegemea upande mmoja, au kona yake imeliwa, au bablishi imemtia doa. Januari 2021 nakala mbili zilizopewa na kampuni ya kupima kadi daraja la juu kabisa, yaani 10, ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja, na kabla ya miaka miwili kupita bei ya kadi hiyohiyo ya daraja hilohilo ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Nakala zilizochakaa ziko mbali kabisa na fedha hizo. Anayelipia pakiti ya aina hii analipia uwezekano, na siku anayoipasua uwezekano huo unageuka kuwa kadi 12 zinazojulikana, ambazo mara nyingi jumla ya bei zake haifikii bei ya pakiti. Kwa sababu hiyo kuna watu wanaonunua na kuuza bila kufungua kabisa. Februari 2024 kasha zima la kadi za hoki ya barafuni za kampuni ya O-Pee-Chee za msimu wa 1979/80, lililohifadhiwa jimboni Saskatchewan nchini Kanada, lilifikia zaidi ya dola milioni 3.7 mnadani. Toleo hilo ndilo lenye kadi ya kwanza ya nyota wa hoki Wayne Gretzky, na bei hiyo ilifikiwa bila yeyote kujua ndani mlikuwa na Gretzky wangapi.

Palipo na uwezekano unaouzwa, udanganyifu hauko mbali. Karatasi ya nta inaweza kufunguliwa taratibu, kadi nzuri ikatolewa, ya kawaida ikawekwa, kisha mikunjo ikabanwa tena kwa pasi ya moto mdogo. Pakiti za miaka ya baadaye, za karatasi ya foili au plastiki, ni ngumu zaidi kuchezewa, ila wapo waliozipima kwenye mizani ili kutambua zenye kadi nene za pekee na kuuza zilizobaki kwa wasiojua. Zipo pia zile za plastiki angavu, ambazo kadi ya juu huonekana bila kufungua, na hizo bei yake hufuata sura inayoonekana. Dalili za kuangalia ni mkunjo wenye mistari miwili mahali panapotakiwa kuwa na mmoja, nta iliyosambaa kupita kiasi, na muuzaji ambaye hawezi kueleza alikoipata pakiti hiyo. Hili la mwisho, kwa uzoefu wa wengi, ndilo linalosema zaidi.

Upasuaji wenyewe hufanywa juu ya meza safi, mikono ikiwa mikavu. Mkunjo wa nyuma huinuliwa kwanza, karatasi hufunuliwa bila kuchanwa, kwa maana ganda nalo lina wanaolitafuta, na kadi hutolewa kwa kushikwa kingo, kamwe si kwa kidole juu ya picha. Kadi zenye mng'ao za miaka ya 1990 huwa zimegandana. Hizo hazivutwi, bali hupindwa kidogo sana kwa pamoja mpaka ziachiane zenyewe, na pamoja na uangalifu wote huo baadhi huacha ngozi yake kwa mwenzake. Wakusanyaji wengine huchangishana fedha za boksi zima na kugawana timu kwa kura kabla ya kufungua, hivi kwamba kila kadi ya timu fulani ni ya aliyepangiwa timu hiyo, awe amepata nyota au amepata wachezaji wa akiba watupu.

Kubadilishana huanza pale makapi ya mmoja yanapokuwa hitaji la mwingine. Aliyewahi kubadilisha simu na kuongezea fedha juu anaujua msingi wake: vitu viwili huwekwa mezani, thamani zake hulinganishwa, na tofauti hujazwa. Tofauti hiyo inaweza kujazwa kwa kadi za ziada badala ya fedha, na pale wawili wanaposhindwa kuafikiana, wa tatu huingizwa, akapokea kutoka kwa huyu na kumpa yule. Thamani inayotumika ni bei iliyolipwa hivi karibuni kwa kadi ileile yenye hali ileile. Bei ambayo muuzaji ameitaja tu, bila mtu kuilipa, ni ndoto yake mwenyewe.

Thamani ya soko, hata hivyo, haimalizi mazungumzo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, huku James Harden akichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kadi zao za kwanza katika ligi hiyo zimo kwenye matoleo ya msimu wa 2009/10. Marekani, kadi ya Curry ya msimu huo ni mali, na ile ya Thabeet, ambaye mechi zake za mwisho za NBA alizicheza mwaka 2014, hupatikana kwa fedha ndogo. Huku kwetu mambo yanaweza kugeuka, kwa kuwa kijana wa Isevya, Tabora, aliyejifunza kikapu shuleni humtaka Mtanzania aliyefika NBA kuliko anavyomtaka Mmarekani yeyote. Hapo ndipo utamsikia akisema, "Kaka, nipe Thabeet, nikupe Harden wangu," na mkubwa mwenye staha, badala ya kuipokea ile kadi haraka, humjibu, "Mdogo wangu, hapo unajipunja. Angalia kwanza Harden analipiwa ngapi, ndipo urudi tuzungumze." Si kila mkubwa atajibu hivyo. Lakini kikundi ambacho wenye ujuzi huwapunja wanaoanza hufa chenyewe, kwa sababu wanaoanza hawarudi, na kikundi kisichokuwa na wanaopasua pakiti mpya hakina kadi za kubadilishana.

Kanuni nyingine ni za kawaida tu. Kasoro hutajwa na mwenye kadi kabla ya kuulizwa, na kadi hukaguliwa pande zote mbili, ikiwezekana kwa tochi ya simu iliyoinamishwa ubavuni, kwani mkwaruzo usioonekana chini ya taa ya dari hujitokeza mwanga unapopita pembeni. Baada ya kukubaliana na kupokezana, hakuna kudai kurudishiwa, isipokuwa kasoro ilifichwa. Mtoto habadilishi kadi ya thamani bila mzazi au mlezi wake kujua. Wanaobadilishana kati ya Kigoma na Tabora mara nyingi hutuma mzigo kwa basi: kadi huvalishwa mfuko laini wa plastiki, huingizwa kwenye kasha gumu, hubanwa kati ya vipande viwili vya kadibodi, na asiyefahamika bado ndiye hutangulia kutuma. Picha za pande zote mbili hupigwa kabla mzigo haujaondoka.

Yapo pia makampuni ya kupima kadi na kuzipa daraja, mashuhuri zaidi likiwa PSA la Marekani, lililoanza mwaka 1991. Hutazama ulinganifu wa fremu nyeupe inayoizunguka picha, kona, kingo na uso, kisha hutoa namba kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia kadi ndani ya kasha la plastiki. Kwa kadi nyingi zinazozunguka mikononi mwetu, gharama ya kuipeleka na kuirudisha ni kubwa kuliko kadi.

Utunzaji unategemea mahali. Kigoma, hewa ya ziwani ina unyevu, na kadi zenye tabaka la kung'aa hupinda kwa sababu karatasi hunyonya unyevu huo ilhali tabaka la juu halinyonyi. Tabora, kati ya Juni na Oktoba, adui ni vumbi na joto la chini ya bati. Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, linatosha mahali pote pawili, ilimradi lisikae juu ya kabati karibu na dari. Kurasa za albamu ziwe za plastiki iitwayo polipropilini, kwa kuwa plastiki ya PVC hutoa kemikali zinazoharibu uso wa kadi. Pakiti ambayo bado imefungwa huhifadhiwa ikiwa imelala, bila kitu kizito juu yake, pamoja na karatasi inayoonyesha ilinunuliwa lini na kwa nani.