Dughulushi wa Usambara: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Joto, Mashamba na Mmea Ulio Hatarini

Dhana: Ua linalouzwa kila mahali haliwezi kuwa hatarini kutoweka.

Ua dogo la zambarau lenye moyo wa njano, ambalo Wasambaa huliita dughulushi, huuzwa vyunguni Ulaya na Marekani, na wengi wanaolinunua hawajui kwamba kwao asilia ni misitu ya Tanzania na Kenya. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, alilifikisha Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Maua ya vyunguni yamezalishwa kwa kuchaguliwa rangi na umbo, kwa hiyo hayawezi kushika nafasi ya jamaa zake wa porini, ambao baadhi wamebaki katika eneo dogo sana, kama wale wa msitu wa Mbololo katika Milima ya Taita.

Dhana: Joto likiongezeka, mimea itahamia juu mlimani.

Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwa sababu kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo hewa inavyopoa, takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Lakini tuutazame mmea wenyewe. Huota kwenye ufa wa mwamba wenye kivuli, mara nyingi kando ya kijito, mizizi yake ikishika udongo mwembamba na majani yaliyooza. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na tunda lake si la kumvutia ndege alibebe mbali. Ili uhame, haitoshi huko juu kuwe na ubaridi. Sharti pawe na mwamba mwingine, unyevu, na msitu usiokatika kati ya mwamba huu na ule. Isitoshe, milima ya Usambara Mashariki, kaskazini mashariki mwa Tanzania, huishia kwenye mita 1,500 hivi, na katika nyanda za juu za Amani msitu umepakana na mashamba makubwa ya chai. Dughulushi wa miamba ya chokaa huko Kilifi, karibu na pwani ya Kenya, hawana hata mlima wa kupanda.

Dhana: Kulima iliki chini ya miti hakudhuru msitu.

Hii ndiyo dhana inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa ukiutazama kwa mbali msitu wa iliki bado unaonekana msitu. Ukiingia ndani utakuta vichaka vimefyekwa, miche ya miti ya asili imepaliliwa pamoja na magugu, na baadhi ya miti mikubwa imepunguzwa ili mwanga upenye. Miti mizee inapoanguka, hakuna michanga ya kuirithi. Baada ya miaka kadhaa rutuba hupungua, iliki hukoma kulipa, na mahali pale hupandwa mazao yanayotaka jua kamili. Mwamba uliokuwa na umande hadi adhuhuri sasa hupata jua tangu asubuhi, na majani manene ya dughulushi, yenye vinyweleo laini, hulegea na kukauka. Hapa ndipo jembe na mabadiliko ya tabianchi vinaposhikana mikono: msitu mnene hutunza unyevu hata kiangazi kikirefuka, ilhali uliopunguzwa miti hukauka mapema, na ukame ambao zamani mmea ungeuvumilia sasa huumaliza.

Dhana: Dawa ni kumwondoa mkulima.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni kinga ya lazima. Hata hivyo, huko Derema, pia katika Usambara Mashariki, ambako wakulima walilipwa fidia waache iliki ili msitu uunganishe misitu mingine, familia zilipoteza zao lililoleta fedha taslimu mwaka hadi mwaka, na mimi naona hasara hiyo haistahili kupuuzwa. Mkulima huyo huyo anaweza kuacha miti ya asili ikisimama kando ya kijito na kuzunguka mwamba uliomo shambani mwake, mahali ambapo jembe lenyewe halina cha kulima.