Bomba Hupasuka Mahali Ambapo Mara Nyingi Hapana Barafu

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba, wakati wa baridi kali, bomba la maji hupasuka pale pale lilipoganda, kwa kuwa barafu hutanuka na kuzisukuma kuta zake. Ni kweli kwamba maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, lakini maelezo hayo yanaishia njiani.

Barafu ikishaziba bomba na kuendelea kukua, huyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda wala hayashindiliki kwa urahisi, hivyo shinikizo hupanda hadi sehemu dhaifu ikaachia, pengine mbali na barafu yenyewe. Kwenye bomba la shaba utaona ufa mfupi uliofuata urefu wake, kingo zikiwa zimebenuka nje mithili ya mdomo wa samaki.

Ndiyo maana koki iliyoachwa ikidondosha maji husaidia, hata maji yakiganda: shinikizo hupata pa kutokea. (Wengi hudhani ni mwendo wa maji tu unaozuia kuganda.)

Bomba likishaganda, fungua koki, kisha uyeyushe kwa kikaushia nywele ukianzia upande wa koki, kamwe si kwa moto wa wazi. Ukiona ufa, funga kwanza vali kuu, kwa sababu mara nyingi maji huanza kumwagika barafu iliyokuwa imeziba inapoyeyuka.