Wanaotafuta Mtoto: Hesabu Siku kwa Kurudi Nyuma, na Mume Apime

Malalamiko yanayofika dirisha la maabara hapa Tanga ni yale yale: "Tumehesabu siku ya 14 mwaka mzima, hola," na "Sampuli ya mume wangu imekataliwa."

Siku ya 14, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi, ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi ijayo, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 33 atarajie yai karibu na siku ya 19. Likishatoka, ni waja leo waondoka leo: halimalizi zaidi ya saa 24. Mbegu ndizo zenye subira, huweza kukaa hadi siku 5 zikilingoja. Basi zitangulie. Kutaneni kila siku au siku moja ndiyo, moja siyo, kuanzia siku 5 kabla ya yai. Asiyeamini hesabu aangalie ute: ukivutika kati ya vidole bila kukatika, kama ute wa yai bichi, siku ndizo hizo. Mzunguko wa chini ya siku 21 au zaidi ya 35 usiuhesabu, ulete kliniki.

Mate hupunguza mwendo wa mbegu. Shabu na dawa za kubana huchubua uke, acheni. Kuinua miguu ukutani hakudhuru, wala hakusaidii.

Sasa kipimo cha mume. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu. Akikaa wiki tatu "zijae", nyingi zitakuwa zimezeeka. Atolee kwa mkono, bila sabuni wala mafuta, ndani ya kikopo cha mdomo mpana kilichotoka maabara. Kondomu ya kawaida haifai, na chupa ya dawa iliyooshwa nyumbani haifai. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote. Likimwagika, sema, usione haya. Kikopo kiandikwe jina na saa ya kutoa, kisha kifike ndani ya saa moja kikiwa mfukoni karibu na mwili. Kisiwekwe kwenye barafu, wala kwenye buti la bodaboda lililopigwa jua tangu Pongwe. Anayetoka Muheza au Pangani atolee hapa hapa hospitalini. Kikopo kisicho na saa hakipokelewi, na kilichochelewa hakisomwi, kwa sababu mbegu zilizokufa njiani zitahesabiwa kuwa ni kosa la mwenye nazo. Utaanza upya zile siku 2 hadi 7, na foleni vile vile.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja ujazo wa mililita 1.4 na mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha rejea. Kupungukiwa mara moja si hukumu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo homa kali ya mwezi jana bado ingali kwenye majibu ya leo. Rudia baada ya miezi mitatu. Sindano za kujenga misuli zenye testosteroni (homoni ya kiume) huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Na tuelewane: nguvu za kiume si idadi ya mbegu. Kila wiki mke anakuja peke yake, ameshanywa mizizi ya chango miezi sita, na mume hajapimwa hata mara moja. Karibu nusu ya matatizo haya yana mkono wa mwanamume.

Mke aanze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku tangu sasa. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu asishtuke: yai laweza kuchelewa kurudi kwa miezi tisa, kumi.

Njooni wawili mkishajaribu miezi 12, au 6 kama mke ametimiza miaka 35. Aliyewahi kuugua kisonono, klamidia au maambukizi ya nyonga asingoje. Mirija ya uzazi huweza kuziba bila maumivu. Mje na kalenda ya hedhi ya miezi mitatu iliyoandikwa tarehe, si ya kichwani.